Bima ya Gari Lako Inamlinda Nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia, na kwa wale walioyasikia wakataka kuyasoma kwa utulivu.)

Ndugu msikilizaji, ukimwuliza mwenye gari yeyote hapa mjini kama gari lake lina bima, atakujibu haraka: "Ndiyo, lina bima." Swali hilo halimsumbui, maana ndilo analoulizwa na askari wa usalama barabarani. Lakini ukimwuliza swali la pili, kwamba bima hiyo inamlinda nani, wengi watasita. Wengine watakwambia inamlinda mwenye gari. Wengine watasema inalilinda gari. Na wengi kati ya hao watakuwa wamekosea, kwa sababu bima waliyoikata haimlindi mwenye gari wala gari lenyewe dhidi ya hasara ya kugongwa, kuungua wala kuibiwa. Inawalinda watu wengine.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu hulijua hilo siku ya ajali, na siku hiyo hakuna kampuni itakayokubali kubadilisha hati. Kwa hiyo wiki hii tuzungumze juu ya aina za bima ya magari ya binafsi: kila aina inalipa nini, hailipi nini, na inamfaa nani.

Kwanza, bima ni kitu gani? Wananchi wengi wanakijua chama cha kufa na kuzikana. Watu wanachanga kidogo kidogo, na yule anayefikwa na msiba anasaidiwa kwa fedha za wote. Asiyefikwa na msiba mwaka huo hasemi kwamba ameibiwa. Anamshukuru Mungu. Bima imejengwa juu ya msingi huohuo. Tofauti ni kwamba katika chama tunaongozwa na utu na kufahamiana, na katika bima tunaongozwa na mkataba. Kilichoandikwa kwenye hati ndicho kinacholipwa. Kisichoandikwa hakilipwi, hata ukilia.

Pili, kwa nini Serikali inatulazimisha? Chanzo cha sheria hii ni Uingereza, ambako bima ya lazima kwa magari iliwekwa mwaka 1930. Magari yalikuwa yameongezeka, watu waliogongwa wakawa wengi, na mara nyingi yule aliyegonga hakuwa na uwezo wa kulipa fidia. Aliyevunjika miguu alishinda kesi mahakamani, lakini hukumu ile haikumpa hata mkate. Waingereza wakaamua kwamba hakuna ruhusa ya kuingiza gari barabarani mpaka pawe na kampuni iliyo tayari kuwalipa wale watakaoumizwa. Utaratibu huo ukaletwa katika makoloni, na kwetu Tanzania Bara umebaki katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169.

Angalia vizuri hapo, ndugu msikilizaji. Sheria haikutungwa kwa kumwonea huruma mwenye gari. Ilitungwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli, mama anayeuza maandazi kando ya barabara na mtoto anayevuka kwenda shule. Huyo ndiye anayeitwa "mtu wa tatu". Mtu wa kwanza ni wewe uliyekata bima. Mtu wa pili ni kampuni. Mtu wa tatu ni yule ambaye hakutia sahihi mahali popote, lakini amepata madhara kwa sababu ya gari lako.

Ndiyo maana bima inayotakiwa na sheria inaitwa bima ya mtu wa tatu. Mitaani tunaiita bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi bei yake ni laki na kitu kwa mwaka, na kwa sababu ya unafuu huo ndiyo iliyokatwa na watu wengi.

Tuchukue mfano. Bwana Fulani anatoka kazini kwa gari lake. Karibu na Ubungo breki zinamgomea, anamgonga mwendesha bodaboda, kisha anaparamia kibanda cha mtu. Mwendesha bodaboda amevunjika mguu, pikipiki imepinda, kibanda kimelala chini. Gari la Bwana Fulani nalo limeharibika mbele: boneti, taa na rejeta. Yeye mwenyewe amepasuka paji la uso.

Bima ndogo itafanya nini hapo? Itashughulikia fidia ya mwendesha bodaboda kwa mguu wake. Itashughulikia pikipiki na kibanda, kwa kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye hati, kwa maana kuna mpaka wa fedha kwa mali zilizoharibiwa. Basi, imekomea hapo. Boneti, taa na rejeta ni juu ya Bwana Fulani mwenyewe. Matibabu ya paji lake la uso ni juu yake pia, kwa sababu dereva hawezi kuwa mtu wa tatu katika ajali aliyoisababisha mwenyewe.

Vivyo hivyo, ukirudi nyuma ukabomoa geti la nyumba yako, bima ndogo hailipi, kwa kuwa geti ni mali yako. Ukiligonga gari la pili la nyumbani kwako, hailipi. Gari likiibiwa usiku, hailipi. Likishika moto, hailipi. Na kuhusu ndugu na marafiki uliowapa lifti, usidhani tu kwamba wamo. Hati hazifanani katika jambo hili. Uliza kabla ya kulipa, na uoneshwe ilipoandikwa.

Je, nasema bima ndogo haina maana? La hasha! Kwa yule aliyegongwa ina maana kubwa sana. Hebu fikiri umemgonga baba wa watoto wanne akafariki. Fidia ambayo mahakama inaweza kuagiza kwa familia ile inaweza kumaliza kiwanja, nyumba na kiinua mgongo chako. Bima ndogo inasimama kati yako na deni hilo, na inahakikisha kwamba wale yatima hawategemei tu uwezo wa mfuko wako. Hata pale ambapo wewe mwenye bima umevunja masharti fulani, sheria haikusudii mtu wa tatu aadhibiwe kwa kosa lako. Kampuni inaweza kulazimika kumlipa, halafu ikugeukie wewe na kukudai.

Hapo ndugu msikilizaji usiye na gari nawe una la kujifunza. Ukigongwa, au ndugu yako akigongwa, usikubali kumalizana kienyeji kwa noti mbili tatu kando ya barabara. Chukua namba ya gari. Toa taarifa polisi, upate fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na uulize gari lile limekatiwa bima na kampuni gani. Tunza risiti zote za hospitali. Na ukiamua kwenda mahakamani, hakikisha kampuni ya bima inapewa taarifa ya kesi mapema, maana ikiachwa gizani inaweza kukwepa kulipa hukumu. Bima ile imelipiwa kwa ajili yako, ingawa humjui aliyeilipia.

Sasa tuje kwenye aina ya pili. Hii ni bima ya mtu wa tatu iliyoongezewa moto na wizi. Inafanya kazi yote ya bima ndogo, na juu yake inakulipa gari lako likiungua au likiibiwa. Lakini likigongwa au likipinduka kwa kosa lako, hupati kitu. Tena neno "wizi" lina mipaka yake. Mara nyingi linamaanisha wizi wa gari zima. Vijana waking'oa vioo vya pembeni, taa au redio usiku, usishangae kuambiwa kwamba huo si wizi uliotajwa kwenye hati. Aina hii inamfaa mtu ambaye gari lake lina thamani ya wastani, analilaza mahali pasipo na ulinzi wa kutosha, na hamudu gharama ya bima kubwa.

Aina ya tatu ndiyo bima kubwa. Hii inabeba yote tuliyokwisha kuyataja, na inaongeza uharibifu wa gari lako mwenyewe kwa ajali, hata kama kosa ni lako. Na kama kosa ni la mwenzako, huna haja ya kumfukuza mwaka mzima. Kampuni yako inakutengenezea gari, kisha yenyewe inachukua haki yako ya kumdai yule aliyekugonga, au kampuni yake.

Aidha, bima kubwa kwa kawaida ndiyo inayoweza kukusaidia kwa maafa ya asili. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, na wanajua jinsi bonde la Msimbazi pale Jangwani linavyofurika mvua kubwa zinaponyesha. Gari likizama pale, mwenye bima ndogo hana mahali pa kupeleka madai. Mwenye bima kubwa anaweza kuwa napo, mradi mafuriko yawe yametajwa kwenye hati yake. Hali kadhalika ghasia na vurugu. Mara nyingi hizo huachwa nje ya hati mpaka mteja ailipie nyongeza.

Lakini hata bima kubwa si kubwa kwa kila kitu. Hailipi uchakavu. Injini iliyokufa kwa kukosa oili, tairi zilizokwisha, gia iliyochoka kwa umri, hayo ni mambo ya fundi wako. Haimlipi mwenye gari ambaye dereva wake alikuwa amelewa, hana leseni au leseni yake imekwisha muda. Na hailipi gari lililotumika kwa kazi tofauti na ile iliyoandikwa. Hapa wengi wananasa siku hizi. Mtu amekata bima ya gari la matumizi binafsi, kisha jioni analiingiza katika kazi ya teksi, kwa kuitwa kwa simu au kwa kusubiri abiria kijiweni. Ikitokea ajali akiwa na abiria wa kulipa, kampuni ina haki ya kusema: "Gari hili hatukulijua." Kama gari linafanya biashara, sema linafanya biashara, na ulipe bima ya biashara. Katika bima, kuficha jambo ni sawa na kuichana hati kwa mikono yako mwenyewe.

Kuna mambo mawili ya hesabu ambayo mwenye bima kubwa hana budi kuyaelewa.

La kwanza ni fungu la hasara unalolibeba mwenyewe. Watu wa bima huliita eksesi. Tuseme hati yako inasema utabeba asilimia 10 ya kila dai, na si chini ya shilingi 500,000. Gari limeharibika kwa shilingi 3,000,000. Asilimia 10 ni 300,000, lakini kiwango cha chini ni 500,000. Kwa hiyo kampuni italipa 2,500,000 na wewe utatoa 500,000. Kama ni mkwaruzo wa bampa wa shilingi 400,000, kampuni hailipi hata senti. Wengine huona huo ni ujanja. Si ujanja, umeandikwa. Ujanja ni wa wakala anayekuuzia bima bila kukutajia jambo hilo. Jambo jingine ni kwamba kampuni nyingi hutoa punguzo kwa mteja aliyemaliza mwaka bila kudai. Kwa hiyo kwa hasara ndogo ni vizuri kupiga hesabu: je, nitakacholipwa kinazidi punguzo nitakalolipoteza?

La pili ni thamani ya gari. Ada ya bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani uliyoitaja, na hapo tamaa ya kubana matumizi hutuponza. Tuchukue kiwango cha asilimia 3.5 kwa mfano tu. Gari lako lina thamani ya shilingi milioni 24. Ada yake kabla ya kodi ni 840,000. Wewe unaandika milioni 12, unalipa 420,000, unarudi nyumbani ukichekelea. Baada ya miezi mitatu unapata ajali, matengenezo ni milioni 6. Mthamini wa kampuni anakuja, anaona gari lilikuwa na thamani ya milioni 24. Anasema: "Ulikata bima ya nusu ya gari, tutalipa nusu ya hasara." Hati nyingi zina kifungu cha namna hiyo. Utapewa milioni 3, na hapo eksesi bado haijakatwa. Umeokoa laki nne na ishirini, umepoteza milioni tatu.

Kosa hili huwapata hasa walioagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Mtu huchukua bei iliyo kwenye ankara ya kule alikonunua, akaiandika kuwa ndiyo thamani ya gari. Anasahau usafiri wa meli, ushuru na kodi alizolipa bandarini. Gari likiibiwa leo, hutanunua jingine kwa bei ya Yokohama. Utalinunua kwa bei ya Dar es Salaam. Bei hiyo ndiyo ya kuandika.

Na usikimbilie upande wa pili ukadhani kwamba kuandika thamani kubwa kutakutajirisha. Gari la milioni 15 ukiliandika milioni 25, siku likiharibika kabisa utalipwa kwa bei ya soko ya gari lile kabla ya ajali, yaani milioni 15. Ada ya zile milioni 10 za ziada umeitoa sadaka. Bima inakurudisha pale ulipokuwa. Haikuvushi mbele.

Kwa wale waliochukua gari kwa mkopo kuna jambo la nyongeza. Benki hudai gari liwe na bima kubwa, na jina la benki huwekwa kwenye hati. Gari likiharibika kabisa, benki hulipwa kwanza. Kama thamani ya gari ni milioni 16 na deni ni milioni 11, utabaki na milioni 5 kabla ya eksesi. Lakini kama gari limeshuka thamani hadi milioni 10 na deni bado ni milioni 13, utabaki huna gari na unadaiwa milioni 3. Ni afadhali kuijua hesabu hiyo wakati wa kukopa.

Basi, ni bima ipi inayomfaa nani? Kanuni yangu ni swali moja: gari hili likipotea leo usiku, nitaweza kununua jingine bila watoto kukosa ada? Kama jibu ni hapana, kata bima kubwa, hata kama itakulazimu kununua gari la bei ndogo zaidi ili umudu ada yake. Kama gari ni la zamani, thamani yake ni milioni tatu au nne, na unaweza kuvumilia kulipoteza, bima ndogo inatosha, mradi kila mwezi uweke akiba kidogo ya matengenezo. Katikati ya hao wawili kuna yule wa moto na wizi.

Ukishachagua, jihadhari unakonunua. Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo bima zote zilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, tangu mwaka 1967. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua milango kwa makampuni binafsi, na leo makampuni ni mengi, mawakala ni wengi zaidi, na matapeli nao hawakukosa nafasi. Kwa miaka mingi ziliuzwa stika bandia ambazo askari hakuweza kuzitambua kwa macho. Ndiyo sababu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2009, ilileta stika za kielektroniki. Sasa mwananchi anaweza kuingia katika mfumo wa TIRA na kuhakiki bima ya gari kwa namba yake. Fanya hivyo kabla hujaondoka mezani kwa wakala. Na kumbuka kanuni ya lipa kwanza: ahadi ya "nikatie, nitakulipa mwisho wa mwezi" haikupi bima.

Ukisafiri nje ya nchi, bima yako ya hapa nyumbani haitoshi kukuvusha mpaka. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania, ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, iliendelea kushiriki katika mpango wa kadi hii. Nayo, kama bima ndogo, ni kwa ajili ya watu utakaowadhuru huko Kenya, Zambia au Rwanda. Si kwa ajili ya bodi ya gari lako.

Na ajali ikitokea, usikiri kosa wala kumwahidi mtu fedha kabla ya kuwasiliana na kampuni yako. Wasaidie majeruhi, ita polisi, piga picha, chukua majina ya mashahidi, toa taarifa kwa kampuni mapema, na usilipeleke gari gereji kabla mthamini hajaliona. Ukiona umeonewa katika malipo, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wengi hawaifahamu, lakini iliundwa kwa sheria ileile ya mwaka 2009 ili mwananchi asilazimike kukimbilia mahakamani.

Ndugu msikilizaji, leo jioni itoe hati yako kabatini. Siyo risiti, hati yenyewe. Itafute ndani yake majibu ya maswali manne: inamlinda nani, inaacha nini nje, thamani ya gari imeandikwa shilingi ngapi, na hasara itakapotokea mimi nitabeba kiasi gani. Usipoyaona majibu, mpigie wakala wako kesho asubuhi. Yeye ndiye aliyepokea fedha yako, na kukueleza ni sehemu ya kazi yake.

Nawatakia wiki njema, na safari salama.